Bahari Yetu ya Njia ya Timau

Jumatatu, 16 Februari 1981

Siwezi kukaa. Nimekaa kitandani, nimesimama, nimekaa tena. Kiatu kimoja nimevaa, kingine sijui kiko wapi. Sababu ni Mama Kabura, mwenye loji hii, ambaye leo asubuhi aliniita jikoni mbele ya wapishi akaniuliza kazi yangu hasa ni gani. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye Meneja wa Shughuli za Mchana. Akasema jina analijua, alinipa yeye mwenyewe siku moja alipokuwa na huruma. Anachouliza ni kwamba shughuli zenyewe ziko wapi.

Swali la uonevu! Shughuli ipo. Ipo ya kutazama mlima. Ni kosa langu kwamba Mlima Kenya unajifunika wingu kabla wageni hawajamaliza mayai? Jana bibi mmoja aliniuliza mlima umeenda wapi. Nikamwambia utarudi baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye kiti na kamera yake mpaka jua likazama, maskini. Leo hanisalimii.

Niyaandike mambo haya labda nitatulia. Tuna wageni wanane kutoka Sweden. Kiongozi wao ni Bibi Ingrid, mwalimu mstaafu, mrefu hadi anainamia milango yetu yote. Yeye ndiye huwaandalia watu wa kwao safari za huku, na Jumapili hii ataamua: vikundi vyake vitalala hapa kwetu mwaka mzima, ama vitahamia kwa Moffat. Moffat! Loji yake iko upande wa pili wa mji wa Nanyuki, pale mstari wa ikweta unapokata barabara ya Nyeri. Kila siku wageni wetu wakimaliza chai wanaingia kwenye gari lao, wanakwenda kwa Moffat kutazama maji yakizunguka kwenye karai. Karai tu! Lina tundu chini na kijiti cha kiberiti juu ya maji. Upande huu wa mstari kijiti kinazunguka hivi, upande ule kinazunguka vile, na wageni wanapiga makofi. Wakishapiga makofi wanakula huko huko. Sisi tunabaki na sufuria zimejaa.

Mama Kabura hakuzunguka maneno. Wakihamia kwa Moffat, yeye atafunga loji akauze vitanda, na mimi nitarudi Othaya kwa ndugu yangu mkubwa, Theuri. Theuri ana majani chai na ana jembe la ziada. Analiweka nyuma ya mlango, amelipaka mafuta, na kila Krismasi ananionyesha, ati liko pale linaningoja. Ngai! Mimi niliapa nikiwa bado kijana kwamba mkono huu hautashika jembe tena. Nina cheti cha darasa la saba na nina koti. Mtu mwenye koti hawezi kuinama kwenye mtaro wa viazi.

Lakini sijalala bure. Nina wazo. Kwani ikweta ni ya Moffat peke yake?

Jumanne, 17 Februari

Ikweta imekataa.

Alfajiri nilipaka ubao rangi ya manjano, nikaandika IKWETA, nikausimamisha langoni kwetu. Nilijiambia kwamba mstari unaozunguka dunia nzima hauwezi kukosa kupinda kidogo mahali fulani. Nikachukua karai la jikoni, nikalitoboa kwa msumari. Wageni wakaja na kamera zao. Nikamimina maji, nikaweka kijiti. Kijiti hakikwenda kushoto wala kulia. Maji hayakutoka kabisa! Kumbe ganda la kiazi lilikuwa limeziba tundu. Nikalala chini nipulize kutokea upande wa chini, ganda likachomoka, na maji yote yakaniingia puani. Hakuna aliyepiga makofi.

Bwana mmoja mwembamba, ambaye hatembei bila ramani, aliniuliza kwa upole ile ikweta iliyoko kwa Moffat ni ya nini basi. Nikamwambia ile ni ya zamani. Akaandika pahali. Mama Kabura naye alitaka kujua ni nani ametoboa karai lake la kukandia unga, lakini wakati huo nilikuwa nimeshafika nyuma ya banda la kuni.

Nilizungukazunguka huko mpaka nikachoka, nikaingia chumba nambari nne kupanga mashuka ili nionekane nina kazi. Na huko, chini ya godoro, nikapata bahati yangu! Kijitabu cha rangi kilichosahauliwa na mgeni wa mwezi jana. Ni cha hoteli ya ufuoni, nchi ya Thailand. Shughuli za mchana kwa wageni, kurasa nzima! Watu wamelala mchangani. Watu wamepanda ndovu. Watu wanakandwa migongo. Ukurasa wa mwisho, kisiwa kidogo chenye daraja. Hakuna mlima hata mmoja kwenye picha na wote wanacheka mpaka magego. Nikakisoma nikiwa nimesimama, nikakisoma nikitembea. Nikaelewa shida yetu. Nanyuki inakosa bahari.

Chini ya jiko letu kuna kibonde, na mfereji wa maji wa kijiji unapita kando yake. Kibonde kikichimbwa vizuri, mfereji ukifunguliwa, ni nini kitazuia bahari? Ila sasa nani atachimba? Mimi? Aka! Hapo ndipo akili ikanijia kwa kasi mpaka nikalazimika kushika ukuta.

Kikundi cha Warigia! Huyu Warigia ndiye mkubwa wa akina mama wa kijiji hiki. Mvua ya Machi iko karibu, kwa hiyo siku hizi wako kwenye ngwatio: leo wote wanalima kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka kila mmoja amelimiwa. Hakuna anayelipwa hata ndururu. Nilimkuta mferejini akiosha miguu pamoja na wenzake. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia nami nataka ngwatio, siku moja tu, kazi ya kuchimba kidogo. Alinitazama viatu. Akauliza kama ni ngwatio kweli ninayotaka. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, mbele ya wenzake, kama ni ngwatio ile ile yao. Nikasema mama, ndiyo, hiyo hiyo. Akacheka. Akawaambia wengine, nao wakacheka. Sijui walicheka nini. Wanawake wa huku wana furaha tu.

Najua ngwatio hurudishwa. Mimi si mjinga. Lakini inarudishwa na mkulima kwa mkulima. Mimi sina shamba, mimi ni meneja.

Jumatano, 18 Februari

Tuna bahari!

Walifika umande ukiwa bado, majembe begani, wakiimba. Mimi nilisimama juu ya kreti ya soda na filimbi ya mpira. Sikuipuliza sana. Kila nilipopuliza, mmoja wao anayeitwa Wakonyo, mfupi mwenye sauti ya kengele, alinijibu kwa mluzi na wote wakaangua kicheko. Hawana nidhamu. Lakini kuchimba wanajua, jamani! Udongo uliruka. Kufikia wakati wa chakula kile kibonde kilikuwa kimezama hadi kifuani kwa mtu. Walikula githeri ya mahindi na maharagwe, sufuria nzima. Mama Kabura aliniuliza githeri hiyo imeingia kwenye shughuli gani. Nikamwambia anisubiri.

Mchanga ukaja kwa mkokoteni wa punda kutoka mtoni. Ni mweusi kidogo, si kama wa Thailand, lakini ukifunga jicho moja unafanana. Ilikuwa zamu yetu ya maji, nikafungua mfereji. Yalikuja, yakajaa, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Nikapanga viti ufuoni na mwavuli wa kanisani. Mama Kabura alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akaniuliza hiki ni kitu gani. Nikasema ni bahari. Akauliza imeshikwa na nini chini isitoroke. Nikamwambia bahari haiulizwi maswali kama hayo. Akaingia ndani akitikisa kichwa, na mimi nikaona hiyo ni pongezi.

Akina mama walipokuwa wakiondoka, Warigia alinigusa bega akasema haya basi, Ijumaa. Nikasema haya, Ijumaa. Sikusikiliza sana, nilikuwa nikipima mwavuli. Kesho ni ufunguzi. Siwezi kulala, siwezi kula, nimeshakwenda kuiangalia bahari mara nyingi, na kila nikienda bado iko.

Alhamisi, 19 Februari

Haipo.

Nianze mwanzo. Asubuhi bahari ilikuwa imepungua kidogo, nikadhani ni kupwa, kama ya Mombasa. Nikaenda mjini kutafuta ndovu. Ndovu wa mlimani wapo lakini hawana mpangilio, kwa hiyo nikaenda kwa Abdille, muuza mifugo, ambaye ana ngamia mmoja aliyemtoa upande wa Doldol. Nikamwambia nataka wageni wampande, waende ufuoni na kurudi. Abdille akashangaa ufuo gani. Nikamwambia atauona. Akasema mnyama ametoka safari ndefu kwenye kiangazi, hajagusa maji tangu huko, hana nguvu za kuleta fujo. Mimi nilisikia tu kwamba hataleta fujo.

Saa nne wageni wakatoka na taulo. Bwana wa ramani akaingia kwanza. Sasa, yale maji ya mfereji yanatoka kwenye barafu ya mlima moja kwa moja. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akatokea ng'ambo bila kuogelea. Bibi Ingrid yeye aliingia mpaka kiunoni kama anaingia kanisani. Akasema maji haya ni sawasawa na ya kwao. Nikafurahi! Halafu akasema ndiyo sababu walikuja Afrika, kuyakimbia.

Nikaamuru wakandwe migongo. Nilikuwa nimemleta Mutahi wa bucha, kwa sababu ana mikono mizito na hana kazi siku za wiki. Alikuja na aproni yake. Alimlaza bwana mmoja, akampiga kofi mgongoni, akaniuliza kwa sauti kubwa anipatie upande wa mbavu au wa paja. Mgeni hakuelewa maneno lakini aliiona aproni. Akavaa shati.

Na hapo ngamia akafika. Aliiona bahari. Alimburuta Abdille kama mtoto anavyoburuta gari la mabati, akainamisha shingo, akaanza kunywa. Tukamngoja amalize. Hakumaliza. Nikamwambia Abdille amzuie. Akasema huyu akianza hazuiwi, na akanishauri nilete kiti. Maji yakashuka hadi magotini, yakashuka hadi vifundoni. Na yale ambayo ngamia hakuyanywa yalinywewa na ardhi, maana kumbe nyuma ya jiko ni changarawe tupu. Kufikia saa sita wageni wanane walikuwa wamekaa na taulo kuzunguka shimo la tope. Ngamia akalala kwenye mchanga chini ya mwavuli wa kanisa na akakataa kuondoka. Hakuna aliyempanda.

Nani akatokea kwenye ua wakati huo? Moffat! Ameshika usukani wa pikapu yake, kofia imeegemea sikio. Aliniuliza kama hili ni josho la ng'ombe. Aliuliza kwa Kiingereza ili wageni wasikie. Kisha akawapa lifti kwenda kwenye karai lake, wakaenda wote, hata yule bibi wa mlima.

Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini ile bahari iliyozama chini ilikuwa imetafuta njia yake, ikatokea ndani ya stoo ya Mama Kabura. Magunia ya unga yote yamelowa sehemu ya chini. Hakunipigia kelele. Alinionyesha kwa kidevu tu, upande wa barabara inayokwenda Nyeri, na baada ya Nyeri ni Othaya.

Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Naweza kutania hapa karatasini, lakini ukweli ni kwamba naogopa. Naliona lile jembe nyuma ya mlango wa Theuri na lile tabasamu lake juu ya jembe.

Ijumaa, 20 Februari

Ninaandika kwa shida. Viganja vimetoka malengelenge, kalamu inateleza.

Mapema mlango ulibishwa. Nikafungua nikiwa na shati la kulalia. Ni kikundi kizima! Warigia mbele, na mkononi ana majembe mawili. Akaniambia leo ni kwa Wakonyo. Nikauliza kwa Wakonyo kuna nini, kuna msiba? Akasema kuna shamba. Ati niliomba ngwatio, ati niliulizwa mara mbili mbele ya mashahidi, na ati Jumatano niliambiwa Ijumaa nikasema haya. Wote walikuja kwangu, kwa hiyo mimi nitakwenda kwao wote. Leo Wakonyo, kesho Watiri, halafu Waithira, halafu Kagure, akaendelea kuhesabu mpaka vidole vyake vikaisha akaazima vya jirani.

Nikawaeleza vizuri jambo la umeneja. Warigia akasema sawa, meneja anaweza kuja na jembe lake mwenyewe au atumie hili. Nikasema nina koti. Wakasema nilivue.

Nilikimbia. Ndiyo, nilikimbia, na nikajificha ndani ya stoo, nyuma ya magunia ya unga. Wakanifuata, na kwa sababu hawakuniona wakaingia moja kwa moja chumba cha kulia ambapo wageni walikuwa kwenye mayai. Nilisikia yote kupitia kidirisha cha stoo kinachotazama chumba hicho. Warigia alimwambia Mama Kabura kwamba hawakuja kugombana, wamekuja kuchukua mikono yao. Bibi Ingrid akaomba aelezwe. Mama Kabura akamtafsiria, na yule mama hakuacha kitu, aliweka mpaka karai na ngamia. Kisha Bibi Ingrid akauliza kama ni lazima iwe mikono ya meneja, au mingine itafaa.

Warigia akaomba kuiona. Nilichungulia. Alimshika yule mzungu viganja, akavigeuza huku na huku, akavibonyeza kama anachagua viazi vitamu sokoni. Akasema ni mirefu kidogo lakini itafaa. Haiya! Wageni wote wakasimama. Waliacha mayai mezani, bwana wa ramani akaacha ramani.

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Deni limelipwa na wengine! Nikatoka stoo kwa vidole vya miguu, mweupe kwa unga kutoka nywele hadi viatu, na nikagongana na Mama Kabura mlangoni. Aliniweka mbele ya msafara hivyo hivyo, na jembe begani.

Siku yenyewe sitaki kuieleza. Nitasema tu kwamba kwa Wakonyo ardhi ni ngumu. Wageni walipangwa mstari mmoja na akina mama, mgeni na mama, mgeni na mama. Wakonyo alikuwa akiwafokea wasikanyage palipolimwa na wao wakimwitikia kwa kicheko. Akina mama wakatunga wimbo, ati kuna mtu alichimba bahari, ngamia akainywa yote akalala. Wageni wakaushika ule mwitikio bila kujua maana yake, wakawa wanauimba wakinitazama mimi kwa upendo. Mlima ulijifunika kama kawaida na hakuna aliyeuulizia. Mchana kulikuwa na maharagwe ya njahi, viazi vya kuponda, na uji kwenye kibuyu. Bibi wa kamera alinyang'anya mwiko akaponda mwenyewe. Wakaonyeshana malengelenge wakiringa. Mimi nilipiga mstari mmoja, na Wakonyo akaurudia nyuma yangu kwa sababu ati umepinda.

Jumamosi, 21 Februari

Leo kwa Watiri. Nilipanga kuumwa na tumbo. Nilikuwa nimeanza kuugua vizuri tu, nikamkuta Bibi Ingrid mlangoni na jembe langu mkononi, amenichagulia jepesi. Mtu atafanya nini?

Lakini Mungu hakunisahau! Katikati ya asubuhi Moffat alikuja kwa pikapu kuwatafuta wateja wake. Amekaa loji kwake tangu jana karai limejaa maji na hakuna mtu. Alilileta karai lenyewe! Akaliweka ukingoni mwa shamba la Watiri, akamimina, akaweka kijiti, akaanza kueleza mambo ya kusini na kaskazini kwa sauti ya kuhubiri. Mstari wa majembe ukampita. Ukarudi, ukampita tena. Bwana wa ramani alimwambia asogee kidogo, amekanyaga palipolimwa.

Watiri akaomba lile karai aoshee viazi. Akaweka viazi, akaweka maji, maji yakatoka yote kwa tundu. Akamuuliza Moffat ni mtu wa aina gani anayetembea na karai lililotoboka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha Warigia, ambaye hapendi kuona mtu amesimama, akamuuliza kama amekuja kutazama au kulima. Na wageni wote wakawa wanamtazama. Moffat alilima! Na viatu vyake vya ngozi, na kofia. Nilimkaribia nikamwonyesha jinsi ya kushika mpini. Nikamwambia asipinde mgongo hivyo, atapotosha mstari. Hiyo ilikuwa furaha yangu ya wiki nzima.

Jioni ikanirudia hofu. Kesho ndiyo Jumapili. Wageni wamekula, wakaenda kulala mapema, na Bibi Ingrid hakusema lolote la Moffat wala la sisi. Nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani mpaka mpishi akagonga ukuta.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya kanisa tulikusanywa chumba cha kulia. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Nikaja mbele ya mlango. Nikarudi nyuma.

Bibi Ingrid alisimama, vidole vyote vimefungwa plasta. Alisema ametembea fuo nyingi, hata hiyo Thailand amefika, na huko mtu hulala mchangani mpaka anachoka kulala. Akasema tangu astaafu kufundisha, hii ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote kuitazama mikono yake na kusema itafaa. Halafu akasema vikundi vyake vyote vitalala hapa. Mwaka mzima!

Mama Kabura alijifuta macho na aproni akasema ni moshi wa jiko. Mimi nilipiga ukelele, nikamkumbatia mpishi, nikakumbatia mlango. Nimeokoka! Theuri na abaki na jembe lake, alipake mafuta mpaka lipate kutu ya mafuta! Nilitaka kumtumia salamu za kejeli leo leo.

Nilipokuwa bado naruka, Mama Kabura akaniita pembeni. Akasema kazi yangu iko palepale na jina langu liko palepale. Kila kikundi kikija, mimi ndiye nitakayekiongoza kwenda shambani kwa akina mama, na nitafanya atakavyosema Warigia. Nikauliza kuongoza maana yake ni nini. Akasema maana yake ni kuwa wa kwanza kwenye mstari. Nikauliza kama mtu anaweza kuongoza kutoka nyuma, au kutoka kwenye kreti. Akasema hapana. Akafungua kabati, akanikabidhi jembe jipya. Amelipaka mafuta.

Nimeliegemeza nyuma ya mlango wangu. Linanitazama.

Jumatatu, 23 Februari

Sikulala, lakini safari hii ni kwa furaha, maana nimeelewa wiki nzima ilikuwa inanifundisha nini.

Watu wanasema ati wageni wamevutwa na shamba. Ujinga! Bila bahari, akina mama wangekuja? Bila akina mama, majembe yangeingia kwenye mayai? Chanzo cha yote ni bahari yangu. Kosa lilikuwa moja tu, ilikuwa ndogo. Bahari ndogo ngamia anaimaliza. Bahari kubwa atanywa atashindwa. Nimefungua tena ukurasa wa mwisho wa kile kijitabu. Kisiwa! Katikati kisiwa, juu yake kiti kimoja na mwavuli, na daraja la mbao. Wageni wakishakuwa na kisiwa, nani atawaza tena mambo ya kulima? Na wasipolima wao, mimi nitaongoza nani? Lile jembe nitamtumia Theuri, awe na mawili.

Shida ni kuchimba. Kikundi cha Warigia ni kidogo, na isitoshe siku hizi tunaonana sana. Kwa hiyo alfajiri nimekwenda hadi karibu na Timau, ambako hawanijui. Nimekuta kikundi kikubwa ajabu, wametapakaa shamba lote, huwezi kuona mwisho wao. Hao wakishuka siku moja tu, tutakuwa na bahari mpaka barabarani! Na kwa sababu wanatoka mbali, hakuna hatari ya kuwaona mlangoni kwangu asubuhi na majembe.

Nikamwendea mkubwa wao, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia nataka ngwatio. Akanitazama viatu. Akauliza kama ni ngwatio kweli. Nikasema ndiyo. Akaita wenzake waje wasikie, ikachukua muda mpaka wote wakafika, akaniuliza tena mbele yao. Nikasema mama, ndiyo, hiyo hiyo.

Wakacheka, wote, mpaka wa mwisho kule pembeni. Sijui walicheka nini. Kumbe hata wanawake wa Timau wana furaha tu.